Dakika za Kulodi Zisilipiwe

Mbotela, kwa vibanda vya gemu vinavyolipisha kwa muda, saa huanza kuhesabu kabla gemu haijafunguka. Mtoto ameshalipa, skrini bado inalodi. GTA V ndiyo balaa: kwa PS4 yenye diski iliyokuja nayo, kungoja tu kunaweza kupita dakika nzima. Hiyo dakika ni ya nani? Mimi naiita wizi, hata kama ni wa bob mbili tatu.

PS4 ya 2013 ilikuja na diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohangaika huku na huku kutafuta data. SSD haina cha kuzunguka. Na Sony wenyewe waliruhusu diski ibadilishwe. Unahitaji bisibisi, na subira ya kuinstoli upya.

Wenye vibanda watasema SSD haiongezi ukali wa picha. Ni kweli, na straika wako hatafunga zaidi. Lakini pesa ya TV kubwa si ilipatikana? Kama diski haibadilishwi, basi lipisheni kwa mechi. Ama saa ianze refa akipuliza.