Nyonga ya bandia imelegea, tumpasue mbwa tena?

Wiki hii nina ujumbe wa dada mmoja Mtanzania anayeishi na familia yake Uingereza. Mbwa wao, Labrador wa miaka sita, aliwekewa nyonga ya bandia mwaka juzi. Alipona, akawa anakimbizana na watoto. Sasa anachechemea tena, na daktari anasema kiungo kimelegea, apasuliwe upya.

“Dada, watoto wanalia, mume wangu anataka, mimi naogopa. Na nyumbani wakisikia gharama watasema nimechanganyikiwa.”

Mdogo wangu, ya watu wa nyumbani yaweke kando. Mbwa ni wenu, na anayeumia ni yeye.

Kabla ya kuuliza bei, muulize daktari: kwa nini kimelegea? Kiungo hicho kina kikombe kilichoshikizwa kwenye mfupa wa nyonga, na shina lenye kichwa cha mviringo lililoingizwa ndani ya mfupa wa paja. Kama sehemu moja imeachia tu, yawezekana kuibadilisha. Lakini kama kuna vijidudu, kuweka kipya papo hapo ni kuvikaribisha tena. Ombeni maji ya kiungo yavutwe kwa sindano na kupimwa. Hata majibu yakiwa safi, vipimo vingine huchukuliwa siku ya upasuaji.

Uliza pia: tukikitoa chote bila kurudisha kingine? Inawezekana. Misuli na kovu hushika nafasi ya kiungo. Mwendo hautakuwa kama wa zamani, hasa kwa mbwa mzito, lakini wengi hutembea bila maumivu makali. Kufanya hivyo si kumtelekeza.

Halafu jiulizeni wenyewe: nani atamlinda? Kwa wiki nyingi hatakiwi kuruka, kupanda ngazi wala kutoka bila kamba. Sakafu inayoteleza itandikwe. Kazi hiyo haifanywi na daktari, inafanywa na ninyi, na mara hii kosa dogo lina gharama kubwa zaidi.

Watoto waambieni ukweli. Msiwaahidi kwamba atapona, waahidini kwamba hamtamwacha aumie. Ahadi hiyo mnaweza kuitimiza, njia yoyote mtakayochagua.

Majibu ya vipimo yakitoka, niandikie.