Betri Ndogo Tuliyoisahau Kanyaruchinya

Anayehama kwa haraka hasahau godoro, husahau kiberiti. Hapa Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo, hatuhitaji kufundishwa hilo. Usiku wa 22 Mei 2021 lava ilishuka hadi Buhene, jirani na uwanja wa ndege wa Goma, na kila mtu alikimbia na alichokigusa mkononi.

Baada ya usiku ule, mganga mkuu wa kituo kimoja cha afya aliniita. Seva ya majalada ya wagonjwa ilikuwa sanduku zito chini ya meza, limejaa vumbi jeusi la mawe yetu, naye hakutaka tena kuliacha pale lingoje mlipuko mwingine. Aliomba niligeuze mashine pepe ndani ya kompyuta mpya. Wazo zuri: mashine pepe ni mafaili tu, unayanakili kwenye diski ndogo na kuondoka nayo hata kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao.

Niliihamisha Jumamosi. Jumatatu mama wa mapokezi aliandika jina la mtoto mbele yangu, akabonyeza "hifadhi", akaanza kukunja vidole. Cha saba ndipo skrini ikaachia. Foleni ilikuwa imefika langoni.

"Papa," akaniambia, "ile ya zamani ilikuwa na kelele, lakini ilikuwa inatumika."

Nikafanya kosa letu mafundi: nikaongeza. Niliipa prosesa pepe 8 kwenye kompyuta yenye viini 4, tena vinavyogombaniwa na mashine pepe nyingine mbili. Ikazidi kuchechemea. Mganga mkuu akaanza kuulizia bei ya kuongeza RAM. Wiki ya tatu ndipo nilipopima, jambo ambalo lilikuwa la siku ya kwanza. Prosesa ilikuwa karibu imelala, RAM ilikuwa tele. Kila kitu kilikuwa kinasubiri diski.

Kosa moja lilikuwa langu tupu. Siku ya kuhama nilipiga snapshoti, ile akiba ya kurudi nyuma mambo yakiharibika, kisha nikaisahau. Ikibaki, kila kinachoandikwa huenda kwenye faili la pembeni linalonenepa kila siku. VMware wenyewe hushauri isipite saa 72.

La pili ndilo lililoniumiza kichwa. Kadi ya diski ya seva ya zamani ilikuwa na kumbukumbu yake ndogo, yenye betri. Programu ikisema "andika", kadi hujibu "tayari" hapo hapo, halafu huandika kwa nafasi yake. Umeme ukikatika, betri hutunza kilichobaki. Kompyuta mpya haikuwa nayo. Diski yake, ya mizunguko 7,200 kwa dakika, huchukua zaidi ya milisekunde 8 kwa mzunguko mmoja, na ile programu ya kizamani ya majalada ilidai uthibitisho wa diski kwa kila mstari, mistari mamia kwa mgonjwa mmoja.

Mwenzangu wa mjini alinishauri nizime uthibitisho huo. Kweli ingekimbia. Lakini Goma umeme haubishi hodi ukiondoka, na watoto walioandikishwa dakika ile wangepotea kitabuni. Mama yule ndiye angeulizwa majalada yako wapi, si mwenzangu wala mimi. Nilikataa. Pesa ya RAM ikanunua kadi yenye betri, na snapshoti nikaiondoa usiku, baada ya kuweka nakala, jenereta ikinguruma.

Wakubwa wanaotoa pesa ya mashine mpya watoe pia wiki moja ya kuikalia ya zamani kabla haijazimwa: inaandika mara ngapi kwa sekunde, inaelemewa saa ngapi, imebeba kadi gani. Mimi sikuandika hata moja. Kipimo pekee nilichokuwa nacho ni vidole vya mapokezi, na afadhali hivyo kuliko kubishana kama "polepole" ni kweli au ni manung'uniko.

Asubuhi iliyofuata nilisimama nyuma yake. Akabonyeza, akainua mkono ahesabu, akaushusha.

"Anayefuata!"