Mgeni Aliyekuja Ndani ya Gamba

Jambo nitakalolisimulia juma hili lilianzia jikoni kwetu hapa Nkanka, kando ya Ziwa Kivu, mahali ambapo bahari haijulikani ila kwa masimulizi. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, alirejea kutoka Mombasa akiwa na magamba sita ya konokono wa baharini, yamefungwa katika gazeti. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwagiza, kwani nilitaka kupamba kabati la sebuleni. Mama watoto akainjika sufuria ya maji ili ayachemshe na kuondoa harufu. Alipogeuka kuyachukua, moja lilikuwa limekwisha kusogea hadi ukingoni mwa meza. Akapiga ukelele, nasi sote tukakimbilia jikoni.

Ndani ya gamba lile alikuwamo kaa. Si kaa kama wale wa mito yetu, ambao hubeba ngao yao ya kuzaliwa mgongoni na kukimbia upande upande. Huyu ni wa ukoo mwingine. Kifua na makucha yake ni magumu, lakini tumbo lake ni laini kama kidole cha mtoto mchanga, nalo limejipinda. Hana uwezo wa kujitengenezea gamba. Hana budi kutafuta lile lililoachwa na konokono aliyekufa, aingie kinyumenyume, ajishikize ndani kwa vijiguu vidogo vya nyuma, kisha atembee nalo popote aendapo. Akitishwa hujivuta ndani na kuufunga mlango kwa ukucha wake mkubwa. Binti yangu wa miaka minane alimpa jina papo hapo: Mpangaji.

Yafaa ielezwe kwamba kaa hawa ni wa namna nyingi. Wengi huishi majini, kwenye miamba na mabwawa madogo yabakiayo maji yakipwa. Kule Mida Creek, karibu na Watamu nchini Kenya, wako wanaokusanyika makundi makundi kwenye mizizi ya mikoko. Wengine, kama mgeni wetu, huishi nchi kavu, hujificha vichakani na kushuka ufukweni kutafuta chakula. Hao nao hawajaachana na bahari, kwa maana jike hana budi kurudi majini kuachilia mayai yake, na watoto huelea baharini kabla ya kupata gamba la kwanza. Hata yule kaa mkubwa apandaye minazi, ambaye hupatikana katika kisiwa cha Chumbe huko Unguja na huweza kufikia kilo 4, ni wa jamaa hiyo hiyo. Utotoni hubeba gamba, na akikua huliacha kwa kuwa ngozi yake imekuwa ngumu.

Sasa nikiri kosa langu. Binti yangu aliniuliza, "Baba, atakunywa maji gani?" Nami, niliyesomea ualimu na kuwa na cheti chake ukutani, nikajibu kwamba maji ni maji. Tukamweka katika beseni lenye mchanga na kikombe cha maji ya Kivu. Kumbe kaa huyu huvuta pumzi kwa mashavu kama ya samaki, ambayo lazima yawe na unyevu daima, na huhitaji maji ya chumvi pamoja na maji baridi. Maji ya ziwa letu hayangeweza kuwa bahari kwake. Alikula ndizi mbivu usiku wa kwanza na wa pili, tukafurahi. Siku ya tisa tulimkuta ametoka kabisa katika gamba lake, amelala juu ya mchanga, tumbo lake wazi. Binti yangu hakulia. Aliniuliza tu kwa nini hatukumrudisha kwao.

Ningeweza kumjibu kwamba kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,700. Sikusema hivyo, kwa kuwa magamba yale yalikuja mwendo huo huo kwa sababu ya kabati langu.

Nilianza kusoma habari zake usiku ule, na lililonishangaza zaidi ni shida yao ya nyumba. Kaa akinenepa, gamba humbana, naye hulazimika kuhama. Mwaka 2010 wataalamu waliokuwa Belize, ng'ambo ya Atlantiki, waliandika jinsi kaa wa nchi kavu wanavyojipanga kwa ukubwa kando ya gamba kubwa lililo tupu. Wa kwanza akihamia humo, wa pili huingia katika lile aliloacha, wa tatu katika la pili, na kuendelea. Gamba moja huwahamisha wengi kwa dakika chache. Basi anayeliokota gamba tupu akidhani halina mwenyewe huwa amevunja foleni nzima. Mwaka 2024 wengine waliochunguza picha zilizopigwa pande nyingi za dunia waliona kwamba, kati ya aina 16 za kaa hao wa nchi kavu, 10 walikuwa na watu wao waliojivika takataka, hasa vizibo vya plastiki. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, zinakataza kuokota magamba, lakini pwani ni ndefu na watoto wauzao magamba wanahitaji daftari na unga.

Mama yangu mzee, aliyekuwa akitusikiliza, alitukumbusha ikirezi, pambo jeupe ambalo wahenga wetu wa Rwanda walilithamini mno. Nalo lilitokana na gamba la baharini, likapita mikono mingi hadi milimani kwetu. Tamaa yangu, kwa hiyo, ilikuwa na ukoo wa zamani.

Binti yangu aliyafunga magamba yote sita katika kitambaa na kumkabidhi mjomba wake safari iliyofuata. Shemeji alicheka, lakini aliyapokea. Akayapanga jioni moja juu ya miamba, mbali kidogo na mahali watu wanapooga. Alipopita asubuhi, matatu hayakuwapo. Binti yangu anashikilia kwamba kaa wamehamia. Shemeji anasema ni watoto wauza magamba. Kabati letu sasa lina vikombe vya chai.