TUTEMBEE KIDOGO: Kiwanja cha Mchanga Ambacho Mji Ulikiuza

Mwezi huu tunatoka Maniema, tunakwenda mbali sana, mpaka Scotland, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza. Ndiyo inchi alikozaliwa yule Livingstone ambaye wazee wetu walimwona Nyangwe mwaka 1871. Hatuendi kutazama makanisa wala viwanda. Tunakwenda kutazama kiwanja cha mchezo, tena mchezo ambao wengi wetu hatujaushika hata siku moja: gofu.

Usicheke mbele ya kusoma. Najua vijana wa Kasongo watasema: "Ile iko mchezo ya matajiri, inatuhusu nini?" Kwa kweli, kwetu Congo mambo yamekuwa hivyo. Aliyepita Lubumbashi anajua kartie inayoitwa Golf. Ni kartie ya majumba makubwa, si ya watu wa kubeba magunia. Hata Mombasa, pwani ya Kenya, kuna kiwanja cha gofu juu ya miamba ya bahari tangu mwaka 1911, nacho ni cha klabu. Sasa tazama ajabu: kule mchezo wenyewe ulikokulia, kiwanja chenye jina kuliko vyote duniani si cha klabu, si cha kampuni, si cha tajiri. Ni cha mji. Mji huo unaitwa St Andrews, jina la Mtakatifu Andrea, yule mtume aliyekuwa mvuvi.

Tuanze na mchezo, maana mtu hafurahii asichokielewa. Mpira wa gofu ni mdogo na mgumu, uzito wake hauzidi gramu 46. Unaupiga kwa fimbo mpaka uingie katika tundu lenye upana wa milimita 108, ni kusema kikombe cha chai kinaweza kuingia. (Wachimbaji wa Salamabila wasisumbuke, ndani ya shimo lile hakuna zahabu.) Matundu ni 18. Kutoka mahali pa kuanzia mpaka tundu panaweza kuwa mita 150, pengine mita 500 na zaidi. Anayeshinda ni yule aliyepiga mara chache. Wala hakuna refa wa kukufuata kila hatua: unahesabu mapigo yako mwenyewe, na mwenzako anakuamini. Mzazi anayesoma hapa anaona mara moja kwa nini mchezo huu unafaa kwa watoto, na kwa nini ni mgumu kuliko mpira wa miguu.

Na mchanga je? Fikiria ule mchanga unaoonekana kandokando ya Lualaba wakati wa kiangazi, maji yakiisha kushuka. Kule St Andrews bahari ndiyo ilileta mchanga, upepo ukaukusanya kuwa vilima vidogo vidogo, kisha majani yakaota juu yake na kuushika usikimbie. Ardhi ya namna ile, katikati ya bahari na mashamba, Waskoti wanaiita linksi. Hailimiki vizuri. Kwa hiyo watu wa mji waliiacha iwe ya wote: ya kulishia kondoo, ya kukamata sungura, ya kuanikia nguo, ya kuchezea. Mvua ikinyesha, maji hayasimami, yanazama. Miti ni michache sana. Kuna mabonde madogo ya mchanga yanayomsumbua mchezaji, zaidi ya 100 katika kiwanja kimoja, na inasemekana mengine yalianza pale kondoo walipojichimbia kukimbia upepo. Upepo ndio mwenye kiwanja. Asubuhi unapiga mpira unafika mbali. Mchana, fimbo ileile, nguvu ileile, mpira unarudishwa kama barua isiyo na anwani.

Wakubwa walijaribu kuuzuia mchezo huu zamani. Mwaka 1457 Bunge la mfalme wa Scotland lilikataza gofu pamoja na mpira wa miguu, shauri vijana waliacha kujizoeza mishale ya vita. Hawakusikia. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alipata ruhusa ya kufuga sungura katika mchanga ule, na ndani ya karatasi hiyohiyo ikaandikwa kwamba raia wa mji wana haki ya kucheza pale gofu, mpira na michezo mingine. Shika vizuri neno hilo, ndugu msomaji: ikaandikwa. Haki ya raia ikawa na karatasi.

Lakini karatasi peke yake haikutosha. Mwaka 1797 baraza la mji lilikuwa na madeni mengi. Likatazama lina nini cha kuuza, likaona ule mchanga. Likauuza. Nadhani wale wazee wa baraza walijiambia kwamba ni mchanga tu, haulimiki, haujengwi, nani atalia? Baada ya muda mfupi wafanyabiashara wakaishika ardhi ile na kuifanya shamba la sungura, kwa nyama na ngozi. Sungura wakazaana ginsi sungura wanavyozaana, wakachimba kila mahali, kiwanja kikawa matundu elfu badala ya 18. Wachezaji wakawaua sungura, wenye sungura wakawakasirikia wachezaji, watu wakapigana, wakapelekana mahakamani mpaka mahakama za juu kabisa za ufalme. Kesi ikala miaka. Kila upande ulikuwa na jambo la kusema: mmoja alitoa feza yake na kupokea hati, mwingine alikuwa na haki ya baba na babu zake. Kosa lilikuwa kwao waliouza kitu ambacho hakikuwa chao peke yao.

Sisi wa Kabambare hatuhitaji kufasiriwa sana. Zahabu ya Namoya imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na neno konsesio hata mtoto analijua. Kampuni inaondoka, nyingine inakuja na karatasi, raia anauliza karatasi hiyo iliandikwa lini na nani alikuwepo.

Kule St Andrews wokovu ulitoka kwa jirani. Mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba la Strathtyrum lililopakana na kiwanja, alinunua ile ardhi kusudi mchezo usipotee, na sungura wakaondolewa. Yeye mwenyewe alipenda gofu, tusimfanye mtakatifu. Lakini bado ilikuwa ardhi ya mtu mmoja, na mtu hufa, na warithi huwa na mawazo yao. Ikachukua miaka mingine zaidi ya 70. Mwaka 1894 sheria ya Bunge ikaurudishia mji ardhi yake, miaka karibu 100 baada ya kuuzwa. Tangu mwaka 1974, kwa sheria nyingine, inaangaliwa na shirika maalum ambalo sherti litunze viwanja kwa faida ya umma. Leo viwanja vya pale ni saba, na kile cha kale, Old Course, ni kimoja tu kati yake.

Mbele ya kile cha kale kuna nyumba kubwa ya mawe, ya klabu ya Royal and Ancient iliyoanza mwaka 1754. Mgeni akiiona anadhani ndio wenye kiwanja. Hapana. Nyumba ni yao, majani ni ya mji. Klabu hiyo, kwa kusema ukweli, iliwakubali wanawake kuwa wanachama mwaka 2014 tu. Lakini akina mama wa mji hawakungoja ruhusa ya mtu: tangu mwaka 1867 wana chama chao na uwanja wao wa kusukuma mpira polepole juu ya vilima vidogo, wanauita Himalaya. Mpaka leo mgeni yeyote, mtoto, bibi, anaweza kuingia pale na kucheza kwa feza kidogo.

Mgeni anachezaje? Mpaka mwaka 1913 hakuna aliyelipa katika Old Course. Wenyeji waliendelea kucheza bure mpaka mwaka 1946. Leo wenyeji wananunua tikiti ya mwaka kwa bei nafuu. Mgeni analipa sana: mwaka 2024, wakati wa kiangazi chao, zaidi ya pauni 300 kwa mara moja. Ni feza nyingi, na mimi naona ni nyingi mno. Lakini haipati mwanahisa, inarudi katika viwanja. Na feza haitoshi kukupatia nafasi. Majina mengi yanapigiwa kura siku mbili mbele ya mchezo, na jina la tajiri na la mwalimu wa shule yanatiwa katika kura ileile. Tena sherti uonyeshe cheti kwamba unajua kucheza. Asiyejua anapelekwa Balgove, kiwanja cha matundu tisa cha watoto na wanaoanza.

Kuna njia ya watu wote inayokata kiwanja katikati, kutoka mji mpaka baharini. Mama akipita na kigari cha mtoto, mchezaji anashusha fimbo, anangoja, hata kama ni bingwa. Na siku ya Mungu? Zamani, mabaraza ya Kanisa ya Scotland yaliwaita mbele watu waliokimbia ibada wakaenda kupiga mpira. Siku hizi hakuna anayeitwa, lakini desturi imebaki: Jumapili Old Course hufungwa kwa gofu, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa. Majani yanapumzika, na mji wote unaingia kutembea: wazee na fimbo zao za kutembelea, watoto, mbwa, wachumba. Hakuna kiingilio. Kama una ndugu anayesoma Ulaya na anafika upande ule, mwambie aende siku hiyo, kisha ya ibada. Asimame juu ya daraja dogo la mawe la Swilcan, apige picha, awatumie nyumbani. Haitamgharimu kitu.

Sasa, vijana wa Kasongo, wa Kabambare, wa Salamabila na Kampene, tuna ulizo kwenu. Kile kiwanja mnachochezea mpira jioni, ni cha nani? Cha parokia, cha shule, cha kampuni, cha chifu, cha serikali? Mkamwulize mzee mmoja, mkaulize pia nani anashika karatasi na imeandikwa nini ndani yake. Mtuandikie mliyojibiwa, pamoja na majina ya viwanja vyenu, tutayachapa katika ukurasa huu.