Kifungo Kikiisha, Adhabu Huishia Wapi?

Mwezi Novemba 2007 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha mchezo wa televisheni uitwao Boy A, yaani Mvulana A. Ndivyo alivyoitwa mahakamani mtoto aliyeshtakiwa pamoja na mwenzake kwa kumwua msichana wa rika lao, ili jina lake halisi lifichwe. Mchezo unaanzia pale ambapo habari za magereza kwa kawaida hukoma. Mvulana yule sasa ni kijana wa miaka 24, na siku ya kutoka imefika. Msimamizi wake, mzee mwema aitwaye Terry, anamtaka achague jina jipya. Anachagua Jack. Anapelekwa Manchester, anapata chumba, anaajiriwa katika kampuni ya kusambaza mizigo, anapata rafiki na hatimaye mpenzi. Andrew Garfield, aliyeigiza nafasi hiyo, alipewa tuzo ya BAFTA mwaka 2008, na kwa haki: anamwonyesha mtu mzima ambaye hajawahi kuagiza chakula hotelini wala kulipwa mshahara, anayeushangaa kila wema anaotendewa kana kwamba umekosea anwani.

Siku moja, wakiwa kazini, Jack na rafiki yake wanamwokoa mtoto katika ajali ya gari. Picha yao inatoka gazetini na mji unawasifu. Haupiti muda mrefu, mwana wa Terry mwenyewe, aliyeona wivu kwa malezi ambayo baba yake anampa mgeni, anaifichua siri. Kijana yule yule aliyeitwa shujaa sasa anaitwa shetani. Kazi inakwisha, rafiki anamkimbia, waandishi wa magazeti wanajaa mlangoni. Tuangalie ni nani wanaomfukuza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kudhulumiwa naye.

Watazamaji wa Uingereza hawakuhitaji kuelezwa ni kidonda gani kilichoguswa, ingawa mchezo huu, uliotokana na riwaya ya Jonathan Trigell, si simulizi ya kesi yoyote halisi. Februari 1993, katika eneo la Liverpool, watoto wawili wa miaka 10 walimchukua na kumwua James Bulger, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 3. Walipotiwa hatiani Novemba mwaka ule, jaji aliruhusu majina yao yatangazwe. Watu zaidi ya 270,000 walitia saini ombi la kutaka wasitoke kamwe, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, akaweka muda wa chini kuwa miaka 15, uamuzi ambao majaji wa juu waliutengua mwaka 1997. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitamka kwamba watoto wale hawakusikilizwa kwa haki. Waliachiliwa mwaka 2001, wakiwa na majina mapya na amri ya mahakama inayokataza wasitambulishwe maisha yao yote. Mmoja wao alirudishwa gerezani mwaka 2010, na tena mwaka 2017, kwa makosa ya picha chafu za watoto. Tunalitaja jambo hili pasipo kulipunguza, maana anayetetea msamaha huku akilificha hastahili kusikilizwa.

Sasa, ni nani mwenye kusamehe? Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Mama aliyefiwa na mwanawe katika hali ya namna ile hana deni kwetu. Akisamehe, hiyo ni neema. Asiposamehe, hakuna padre, mwandishi wala tume ya haki na amani yenye ruhusa ya kumkemea. Twasikitika kwamba Boy A haukumpa nafasi ya kutosha binti aliyeuawa, wala wazazi wake. Tunamwona Jack akitetemeka usingizini, lakini nyumba ile nyingine, yenye kitanda kisicholaliwa, haituhusishi. Hilo ni pungufu kubwa.

Lakini mimi na wewe, ndugu msomaji, tusiofiwa, hatuombwi kusamehe. Twaombwa jambo dogo zaidi, na labda ndiyo maana ni gumu: kumwachia mtu pa kukaa. Jamii inapojifunika uchungu wa mfiwa na kuutumia kama rungu, haimpunguzii mfiwa machozi hata tone moja. Oktoba 1994, mjini Trondheim, Norwei, mtoto wa kike wa miaka 5 aliuawa na watoto wenye umri wa miaka kama 6. Hawakushtakiwa, walisaidiwa na wataalamu na kurudishwa miongoni mwa watoto wenzao, wala majirani hawakuandamana kuwafukuza. Hatudai kwamba kesi hizi mbili ni sawa, kwani miaka 6 si miaka 10. Twasema tu kwamba hasira ya umma siyo kama mvua, inayonyesha bila kuuliza. Ipo mikono inayoichochea, na katika Uingereza ya miaka ile mikono hiyo iliuza magazeti.

Kuna neno jingine linalotusumbua. Mchezo unatufanya tumpende Jack kwa kuwa ni mpole, na kwa kuwa ameokoa mtoto. Je, angekuwa mkorofi, mvivu, asiyemwokoa mtu yeyote? Wengi wanaotoka gerezani hawana ushujaa wa kuonyesha. Wana kikohozi, wana deni, na hasira zao ziko karibu. Chumba na kazi si zawadi ya mwenye tabia ya kupendeza.

Yapo malalamiko mamoja ya haki: Jack aliwadanganya waliompenda. Ni kweli. Ila alitamani kumwambia mpenzi wake, na Terry alimkataza, akijua yatakayofuata. Jina la kupanga ni ushahidi kwamba serikali yenyewe haikuwaamini raia wake. Ilimficha kijana badala ya kumrudisha. Mwishoni yuko Blackpool, kwenye gati juu ya bahari, akiwapigia simu watu aliowaamini na kuwaachia ujumbe. Mchezo unakomea hapo, naye amesimama ukingoni.

Katika parokia zetu wapo wanaopeleka sabuni, sukari na sala magerezani wakati wa Noeli na Kwaresima, nasi twawashukuru kwa moyo. Lakini lango linapofunguliwa asubuhi ya kutoka, mara nyingi nje hakuna mtu. Tunaziomba kamati za haki na amani zianze na hilo: mtu mmoja wa kumpokea, nyumba ya kulala juma la kwanza, na fundi au mkulima atakayekubali kumjaribu kazini akijua jina lake halisi na kosa lake. Pale anakotoka aliyedhulumiwa, mzee mwenye busara atumwe kwanza kuzungumza na familia ile, na ikisema asirudi kijijini, atafutiwe mahali pengine. Tarehe ya kutoka huwa inajulikana gerezani mapema. Iulizwe.