Windows 10 imefika mwisho: Linux inayojijenga yenyewe itaokoa kompyuta kuukuu za Busisi?

Busisi. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza, kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi Busisi wilayani Sengerema. Safari ambayo kwa foleni ya kivuko iliweza kula saa mbili, sasa ni dakika chache.

Miezi minne haijaisha, mlango mwingine ukafungwa kimya kimya. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mtumba, zile za steshenari na za shule, hapo hazivuki.

Njia ipo, shida ni mikono

Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, bado unakimbia vizuri kwenye mashine hizo. Tena unaruhusiwa kuupika upya: ondoa usichohitaji, weka LibreOffice yenye tafsiri ya Kiswahili, ongeza masomo ya kusoma bila bando, kisha pakia vyote kwenye flashi moja.

Lakini fundi akiuandaa kwa mkono leo, baada ya miezi sita umeshapitwa na wakati. Akihamia Geita, anaondoka na siri yote. Hicho ni kivuko: kinavusha, ila kikiharibika wote mnakwama.

Daraja lake

Maelekezo yote yanaandikwa kwenye faili: programu zipi, lugha ipi, mipangilio gani. Faili linawekwa GitLab au GitHub. Ukibadilisha mstari mmoja tu, seva inajenga mfumo mzima upya, inauwasha kwa majaribio, na ukigoma kufunguka hautolewi. Inaweza pia kupangiwa kujenga kila wiki bila kukumbushwa. Debian ina zana ya kazi hiyo, live-build. Watengenezaji wa vifaa vidogo hutumia Yocto au Buildroot.

Kwa fundi wa Busisi, kazi nzito inafanyika kwenye seva ya mbali, siyo kwa bando lake. Yeye anapakua faili lililokamilika mara moja, anagawa kwa flashi.

Tahadhari

Hata hivyo, mashine haijui nani mwaminifu. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux nyingi. Kilichomshtua ni kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH kuchelewa kama nusu sekunde. Sehemu muhimu ya hila hiyo haikuwa kwenye msimbo uliokuwa wazi kwa wote, bali kwenye kifurushi cha kusambazwa. Seva inayojenga bila kuuliza ingekimeza tu.

Debian thabiti haikuguswa. Yaliyoathirika ni matoleo ya majaribio. Somo: jenga juu ya toleo thabiti, acha maelekezo wazi, na jaribu kwenye kompyuta moja kabla ya zote. Kosa moja la seva linafika kila mahali kwa siku moja.

Nani ataushika?

Ujuzi si mgeni nchini. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Kinachohitajika sasa ni mwenyewe: halmashauri, chuo au kundi la mafundi wanaotumia maelekezo yaleyale. Maana seva itajenga yenyewe, lakini siku ikikataa, lazima awepo mtu wa kupokea taarifa na kurekebisha. Bila huyo, Busisi itakuwa imerudi kwenye foleni ya kivuko.