Gari Lililolala: Tuulize Sababu Kabla ya Bei

Anayepita leo katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani huona zile nyumba za kale za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, zikivunjwa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa. Nyumba inapovunjwa, kila kilichohifadhiwa uani au ubavuni mwake hakina budi kuondoka. Miongoni mwa vitu hivyo mara nyingine hutoka pikapu kuukuu: iko juu ya mawe, matairi yamepasuka kwa jua, rangi imepauka, na kuku wamefanya bodi kuwa kiota. Dalali hachelewi kufika. Kabla ya adhuhuri bei imekwisha kutajwa, nayo ni ndogo kiasi cha kumfanya mtu mwenye akili timamu akimbilie nyumbani kufungua akiba yake.

Hatuwalaumu wanaovutiwa. Mchuuzi anayefuata mboga Mabibo au Temeke Stereo kila alfajiri hukodi kirikuu au hugawana nafasi na wenzake, na mwisho wa mwezi hugundua kwamba sehemu kubwa ya faida yake imekwenda kwa mwenye gari. Gari la kuagiza kutoka nje lina bei yake, nauli ya meli na kodi zake. Pikapu za zamani nazo zina heshima yake. Tangu mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu wananchi kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe, magari ya namna hii yamebeba mizigo ya nchi hii mjini na mashambani. Chesisi zake ni nzito, injini zake hazitegemei kompyuta, na fundi wa Gerezani huzifahamu kwa kuzisikia tu.

Hata hivyo, tunachosema sisi ni kwamba watu wetu huuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Huuliza, "Ni shilingi ngapi?" ilhali walipaswa kuuliza, "Kwa nini lililala?" Katikati ya jiji hili, ambako kila hatua ya ardhi ina kodi yake, hakuna anayeweka gari zima juu ya mawe kwa miaka minane kwa kupenda. Ama mwenyewe amefariki, ama karatasi zake zina kasoro, ama gari lenyewe lilishindikana. Mara nyingine ni yote matatu kwa pamoja.

Tuanze na kifo, kwani ndicho kinacholeta madhara makubwa na ndicho kinachosahauliwa. Mtaani kwetu wachuuzi wanne walichanga fedha wakanunua pikapu ya namna hiyo kutoka kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Kijana yule hakuwa mwizi, kwani aliishi katika nyumba ile, alilinda gari lile miaka yote, na machoni pake lilikuwa lake. Wanunuzi wakatengeneza breki, wakabadili matairi, wakaifufua injini. Wiki ya tatu akafika dada yake kutoka mkoani, mkononi ana barua ya mahakama inayomtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yao. Gari likasimama tena, safari hii mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Fedha za mauzo zilikuwa zimekwisha kutumika. Baada ya miezi saba warithi waliridhia kuliuza upya kwa utaratibu, lakini ule ushirika wa watu wanne ulikwisha kuvunjika, na wawili kati yao hadi leo hawasalimiani.

Jambo hili halikuhitaji kufika huko. Mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa, wala na mjane, wala na mjomba, hata kama funguo ziko mfukoni mwake. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa wengi wetu shauri hilo hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Fedha inayopatikana hulipa kwanza madeni ya marehemu, kisha ndipo warithi wapate mafungu yao. Kwa hiyo mnunuzi anayelipa bila kuona barua ya usimamizi huenda analipia haki ya yatima bila yatima kujua. Na tuwaambie warithi pia: gari linalooza uani kwa sababu ndugu hawataki kukaa pamoja ni mali inayoliwa na kutu. Kila masika yanayopita yanapunguza fungu la kila mmoja wenu, pamoja na fungu la mdogo asiyeweza kujisemea.

Sababu ya pili ni karatasi. Dalali husema kadi imepotea, na husema kwa sauti nyepesi, kana kwamba kilichopotea ni kijiti cha kiberiti. Yawezekana ni kweli. Yawezekana pia kadi iko kwa mkopeshaji, imewekwa dhamana kwa deni ambalo halijalipwa. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, gari lililolala halina tena hesabu yoyote na Mamlaka ya Mapato. Hiyo ni dhana ya hatari. Mmiliki ni yule ambaye jina lake limesajiliwa, na uhamisho wa umiliki lazima ufanyike kwa mkataba wa mauziano na kadi halisi. Namba ya chesisi na namba ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, kwa tochi na kitambaa cha kufutia uchafu, kisha zilinganishwe na kadi. Injini nyingi za magari haya zilikwisha kubadilishwa kwa za mtumba. Si kosa kubadili injini, lakini injini isiyojulikana ilikotoka inaweza kukufikisha kituo cha polisi.

Sababu ya tatu ni ubovu wenyewe. Hapa mafundi wetu wana desturi moja ambayo tungependa iachwe. Gari lililolala likiletwa, jambo la kwanza ni kufunga betri na kuwasha. Injini ikinguruma watu hushangilia, na mnunuzi huona kazi imekwisha. Kwa hakika huo ni mwanzo mbaya. Silinda zilizokaa kavu kwa miaka hukwaruzwa na pete zilizoshikwa na kutu. Ni bora kwanza kudondosha oili kidogo ndani ya silinda kupitia matundu ya plagi au ya nozeli, kuiacha ipenye, kisha kuizungusha injini kwa mkono. Mafuta ya zamani yamwagwe na tangi lisafishwe, kwa kuwa petroli iliyokaa huacha utandu wenye kunata unaoziba njia zote. Nyaya zikaguliwe, maana panya hupenda kuzitafuna.

Lakini hata hayo ni ya baadaye. Ukaguzi uanze chini ya gari. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na chesisi iliyokaa karibu na udongo huliwa polepole bila bodi kuonyesha dalili. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Tazama palipopigwa viraka na palipopakwa rangi mpya peke yake. Kisha breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, nao huleta kutu ndani ya mabomba na silinda za magurudumu, huku mipira yake ikikakamaa. Breki za namna hiyo zinaweza kushika vizuri uani, zikashindwa siku ya kwanza gari likibeba mzigo. Na tairi lisihukumiwe kwa meno yake. Ubavuni mwake huandikwa tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi hilo, hata liwe na meno kama jipya, halifai kubeba watu.

Tunayasisitiza haya kwa sababu gari hili haliendi porini. Linakwenda Mtaa wa Msimbazi saa mbili asubuhi, katikati ya mikokoteni, maguta, bodaboda, wamachinga waliotandaza bidhaa, na wanafunzi wanaovuka barabara. Injini ikigoma mahali hapo, hasara ni ya mwenye gari. Breki zikigoma, hasara ni ya mtu ambaye hakushiriki katika biashara ile, hakuona bei wala hakupata faida.

Sasa neno kwa muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimlindi mnunuzi kwa kila jambo. Aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kirahisi kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua, na anayenunua kwa mtu asiye mfanyabiashara wa magari ana kinga ndogo zaidi. Kwa hiyo wapo wanaojificha nyuma ya maneno "umeliona mwenyewe". Wasomaji wetu wanaijua habari ya mwenye lundo la nafaka sokoni, ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo lake akakuta chini kumelowa, akamkanya kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu waione. Rangi mpya juu ya chesisi iliyooza ni nafaka ile ile. Muuzaji anayejua kwamba gia ya pili inatoka, au kwamba injini inakula oili, na akanyamaza, asijifariji kwamba hakusema uongo.

Mwisho ni hesabu. Mathalani bei ni shilingi milioni 4. Mnunuzi mwenye milioni 4 hana fedha za kununua gari hilo, kwani bado kuna matairi manne, betri, breki nzima, radieta, uhamisho wa umiliki na bima. Atafute fundi asiye rafiki wa dalali, aandike kila kitu kwenye karatasi, aongeze akiba ya yasiyoonekana, ndipo arudi kuzungumza bei. Alipe mbele ya mashahidi, na sehemu ya fedha ibaki hadi jina litakapobadilishwa. Jumla ikizidi bei ya gari linalotembea, basi aliache juu ya mawe yake. Vinginevyo atakuwa amenunua kile vijana wanachokiita spana mkononi.

Hatusemi kwamba magari yaliyolala yasinunuliwe. Yapo mengi yaliyofufuliwa ambayo leo yanalisha familia na kusomesha watoto. Lakini karibu kila moja kati ya hayo lilinunuliwa na mtu aliyekaa kwanza barazani na wenye nyumba, akauliza nani alikuwa mwenyewe, alifariki lini, ameacha nani, na gari lilisimama siku gani na kwa sababu gani. Maswali hayo huchukua asubuhi moja. Wale wachuuzi wanne wa mtaani kwetu hawakuyauliza.